Magunia Yasiyo na Kilemba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipimwa urefu kabla ya kuulizwa jina. Nyapara mmoja aliyeitwa Mnyambi alinisimamisha kwenye ukuta wa ghala, kando ya mlango mkubwa, akaniamuru nivue kandambili na nibane visigino ukutani. Akachukua msumari mrefu, akakwaruza lipu juu ya utosi wangu mpaka mchanga ukaniingia machoni. Ndipo akauliza:

"Unaitwa nani?"

"Paskali. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu wa wapi?"

"Mungaa."

"Watu wa Mungaa si wachunga ng'ombe tu nyie? Haya, mrefu wewe. Utapakia lori."

Akachora herufi P pembeni ya mkwaruzo. Hivyo ndivyo makuli walivyogawanywa. Wafupi walipanga magunia ndani, warefu walipakia na kushusha. Nilikuwa na darasa la nne na fimbo ya kuchungia niliyoiacha nyumbani. Nilipeleka mikono machoni, nikafuta mchanga, nikaingia kazini.

Ghala hilo lipo Manyoni, upande wa stesheni. Kabla yetu lilikuwa la chama cha ushirika. Chama kiliposhindwa kununua mazao, na serikali ikaruhusu kila mwenye mtaji anunue anakotaka, likakodishwa kwa mfanyabiashara mmoja aliyekaa Dar es Salaam. Tulimwita Mwenye Mali, na katika miaka yangu yote pale sikuuona uso wake. Alizeti, mtama na karanga zilitoka vijijini kwa lori, zikashushwa kwetu, zikapangwa, kisha zikapakiwa kwenye mabehewa kwenda pwani, na nyingine kwenye malori. Sitasema uongo, soko huria lilinipa kazi. Ila soko hilo hilo ndilo lililotuletea lumbesa.

Kwa ambao hamkubeba, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, halafu likashonewa kipande cha gunia jingine juu yake, likajazwa tena. Kile kipande cha juu sisi tulikiita kilemba. Mnunuzi alimlipa mkulima kwa gunia, mzani hakuutaka hata kuuona, kwa hiyo kilemba kilikuwa wizi wa mchana kweupe. Mkulima mwenyewe ni baba yangu na majirani zake. Wakaibiwa wao huko Mungaa, halafu huo wizi nikatwishwa mimi mgongoni huku Manyoni.

Kuli mpya alikuwa na jando lake. Tuliita kufunguliwa mgongo. Makuli wanasimama mistari miwili kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, watu wawili wanakutwisha lumbesa, na wewe unapita katikati bila kusimama huku wanakupigia makofi na miluzi. Ukilitua njiani, msimu mzima jina lako ni Dada. Mimi nilifika. Nilifika macho yametoka, lakini nilifika. Kuli mkubwa kuliko wote, Shabani wa Mgori, ambaye kwa nguvu zake walimwita Behewa, akanipiga bega.

"Kumbe Mungaa mnakula!" akasema. "Leo ndiyo umezaliwa."

Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya kipaimara changu. Mwajiri hakututuma kufanya jando lile. Tulilibuni wenyewe, na tukalilinda wenyewe.

Msimu wangu wa tatu ndio ulionimaliza. Tulikuwa tunapakia lori kwa ubao, maana yake mbao mbili ndefu zilizoegeshwa kutoka chini hadi kwenye bodi ya gari, na sisi tunapanda juu yake na mzigo. Ubao mmoja ulikuwa na ufa. Nilimwonyesha Mnyambi asubuhi ile.

"Nyapara, huu ubao umepasuka."

"Umepasuka, haujakatika."

"Utakatika."

"Paskali, wewe fundi seremala au kuli? Panda."

Nikapanda. Kilemba kilikuwa kimeegemea upande mmoja, kikanivuta, nikakanyaga pembeni, ubao ukalia. Nilianguka chali na gunia likaja juu yangu. Sikumbuki maumivu. Nakumbuka alizeti zikinimwagikia usoni kama mvua, na sauti ya Mnyambi ikisema, "Zoeni mzigo kwanza!"

Namtaja kwa jina na siogopi. Na mwingine nitakayemtaja ni Meneja wa wakati ule, Kalebi. Yeye alikuwa na daftari la matukio ya kazini, na tukio langu aliliandika hivi: alianguka kwa sababu ya ulevi. Mimi! Mimi ambaye mama yangu alinilea kwenye kwaya, na pombe sikuwahi kuionja hata kwenye harusi. Kwa maneno hayo sikustahili chochote. Nikapakiwa kwenye gari la mtama linalorudi vijijini, nikalazwa juu ya maturubai, nikafikishwa Mungaa.

Nilikaa nyumbani karibu mwaka. Mwanzoni sikuweza kugeuka. Baadaye nikasimama kwa kushika ukuta. Baba alikuwa analima na ng'ombe, mimi nakaa barazani namwangalia, na hata kuokota kikombe kilichoanguka nilimwita mdogo wangu wa kike. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Chuki niliyokuwa nayo niliila asubuhi na jioni.

Siku moja utingo wa basi akaleta karatasi. Iliandikwa na Meneja mpya. Kalebi alikuwa amehamishwa. Karatasi ilisema, njoo, kuna kazi, nauli ameshalipwa dereva.

Meneja mpya alikuwa Mzee Chitema, Mgogo, mwembamba, aliyekuwa karani wa mizigo reli kabla ya kupunguzwa kazi. Nilimkuta ofisini amefungua lile daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe mlevi?"

Machozi yalikuwa karibu.

"Kaa. Kwa mwezi mmoja hapa wameandikwa walevi watatu, wote kwenye ubao, wote saa nne asubuhi. Nimezaliwa Manyoni hii. Pombe ya kulewesha makuli watatu saa nne asubuhi haipo." Akafunga daftari. "Mgongo wako ukoje?"

"Siwezi kubeba, mzee."

"Sijakuitia kubeba. Mgongo umeharibika, macho hayajaharibika. Utakaa mlangoni uangalie watu wanaumia vipi, kila Jumamosi uje uniambie."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi yangu ya pili, ile niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nilipewa debe tupu nikaligeuza, nikakaa kando ya ukuta wa mikwaruzo. Makuli walinicheka sana. Waliniita Afisa Macho. Behewa akipita na gunia alikuwa ananipigia saluti kwa mkono mmoja.

Kwa wiki tatu niliangalia tu. Na nikaona kitu ambacho misimu mitatu nikiwa ndani yake sikukiona. Mtu haumii akitembea na gunia. Anaumia linapotoka chini, na anaumia linapopanda juu. Pale anapoinama kulinyanyua sakafuni, na pale anapolirusha juu ya rundo au kulipandisha kwenye ubao. Nikamweleza Mzee Chitema kwa maneno hayo hayo.

Akatafakari, akasema, "Basi tuondoe chini na juu. Tubaki na katikati."

Huo ndio ulikuwa utaratibu mzima, mengine ni matawi. Miaka mingi baadaye alikuja mkaguzi wa usalama kazini na kabrasha lake, akatuambia hiyo inaitwa ergonomia, kwamba kazi imfuate mtu badala ya mtu kuifuata kazi. Sisi tuliita utaratibu wa migongo.

Tulianza na ukuta. Kila kuli alisimama pale pale alipopimiwa utosi na Mnyambi, mimi nikaongeza mikwaruzo miwili: kwenye kiwiko na kwenye nyonga. Mikwaruzo ya nyonga ilitupa kimo cha chaga, yaani vitanda vya mbao vinavyoinua magunia yasiguse sakafu, ili mtu achukue mzigo bila kuinama. Kuondoa ule ubao wa kifo tulijenga jukwaa la matofali na udongo uliopigwa sana, kimo chake sawasawa na bodi ya lori, ili mtu atembee moja kwa moja hadi ndani ya gari. Mzigo wa kwenda stesheni tukauwekea toroli. Na mlangoni, kabla gunia halijaingia, kilemba kinafumuliwa, mzigo unafungashwa upya kwenye magunia madogo, kila moja linatosha mtu mmoja.

Kufungasha ilikuwa kazi ya akina mama, ambao siku zote waliifanya wamekaa sakafuni wamejikunja. Mzee Chitema akaagiza meza ya kimo cha kiwiko. Fundi akaileta. Mkubwa wao, Mama Zaina, akasimama mbele yake, ubao wa meza unamfika kifuani. Akainua mikono kama mtu anayeanika nguo.

"Fundi, hii umemtengenezea twiga?"

"Mama, nimepima vizuri."

"Umempima nani?"

Fundi akajiangalia. Alikuwa amejipima yeye mwenyewe. Ilibidi msumeno upite kwenye miguu yote ya meza huku akina mama wamemzunguka wakimwelekeza. Tangu siku hiyo sikuruhusu kitu kitengenezwe kabla anayekitumia hajasimama ukutani.

Mkulima huko kijijini aliendelea kushonewa kilemba. Hilo hatukulitibu, na linaniuma hadi leo. Sisi tulitibu mgongo wa aliyebeba tu.

Mwenye Mali hakufurahi. Mnyambi alikuwa bado nyapara, na barua zake za siri zilifika Dar es Salaam kabla ya zetu. Jibu likaja: mna msimu mmoja. Mkichelewesha behewa hata moja, lumbesa inarudi ndani, na mlinzi wa migongo anarudi kwao. Mlinzi wa migongo ni mimi. Mzee Chitema alinisomea barua ile akiwa amesimama.

"Umesikia, Paskali. Msimu mmoja."

Nilisikia. Kwetu nisingeweza kulima wala kuchunga. Nje ya lango lile sikuwa na mahali popote pa kwenda.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana sidhani kama kuna watu wengine wangelifanya. Magunia yakawa madogo, na makuli wakaona aibu. Mama lishe wa pale stesheni wakaanza kuwatania.

"Jamani Behewa, hicho ni kigunia au mto wa kulalia?"

"Mpe mwanao amalizie, wewe pumzika!"

Behewa alicheka, lakini nilimwona shingo imemvimba. Kesho yake akachukua magunia mawili kwa mpigo, moja juu ya jingine. Wenzake wakafuata. Baada ya siku mbili ghala zima linabeba mawili mawili, na mzigo ukawa mzito kuliko lumbesa yenyewe. Tuliondoa kilemba kwenye gunia, wao wakakivaa upya kwa hiari yao.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaa kwenye debe langu naona. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuona na kusema. Jumamosi Mzee Chitema akaniuliza, "Wanaendeleaje?" Nikajibu, "Vizuri, mzee. Wanawahi." Kwa kweli walikuwa wanawahi. Mabehewa yalijaa kabla ya wakati, na kila behewa lililojaa lilikuwa linaniokoa mimi. Kwa hiyo nilipowataja Mnyambi na Kalebi, nilikuwa sijamaliza. Wa tatu ni Paskali wa Mungaa.

Haikupita wiki mbili. Behewa alikuwa katikati ya jukwaa na mawili mgongoni, gunia la juu likateleza mbele, akajipinda kulidaka. Nilisikia sauti yake kabla hajafika chini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah." Ile "ah" naijua. Niliwahi kuisema.

Mnyambi alifika kwa haraka isiyo ya kawaida yake. "Mnaona utaratibu wenu? Enzi za ubao angalau watu walikuwa makini!" Akaenda ofisini kuomba karatasi aandike barua.

Nikamtangulia. Niliingia bila kubisha hodi.

"Mzee, niliona. Wiki mbili nimeona wanabeba mawili, nikakuficha."

Mzee Chitema hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kwa nini?"

"Niliogopa msimu."

"Kalebi naye aliogopa kitu alipokuandika mlevi," akasema. Akasukuma daftari la matukio upande wangu. "Andika wewe. Andika ulichokiona."

Mwandiko wangu ni wa darasa la nne. Niliandika mistari mitano kwa muda mrefu sana. Niliandika kuwa Shabani ameumia akibeba magunia mawili, na mwangalizi alijua. Nikaweka jina langu. Halafu akanituma: "Sasa nenda kwa Shabani. Mimi siwezi kuwakataza wanaume hawa kitu wanachokionea fahari. Yeye anaweza."

Behewa alikuwa amelala kwenye mkeka nyumba ya kupanga, nyuma ya reli, uso ukutani. Nilivuta kigoda.

"Umekuja kunipima?" akauliza.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Niliona, nikanyamaza."

Akageuza uso taratibu kutoka ukutani. "Afisa Macho," akasema. "Wewe ulikaa muda gani hivi?"

"Karibu mwaka."

"Mwaka! Na mkojo je?"

"Mama alikuwa ananiletea kopo."

Akaanza kucheka, kicheko kikamchoma mgongo, akalia na kucheka pamoja. Kisha akasema, "Mimi nina watoto wanne Mgori. Kopo nani ataniletea?" Nikamweleza kila kitu, msimu mmoja na barua ya Mwenye Mali. Nikamwambia kwamba nikifukuzwa ni haki yangu, lakini lumbesa ikirudi itarudi kwa wote.

Mungu alimrehemu, mgongo wake ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Wiki ya tatu alikuja ghalani na fimbo. Aliomba debe langu akalikalia, akawaita makuli wote na akina mama wa kufungasha, na Mnyambi akiwa amesimama pale.

"Mimi ndiye niliyeanza mawili," akasema. "Nani hapa ana nguvu kunizidi?" Akawatazama mmoja mmoja. "Basi kama yameniangusha mimi, yatawaangusha nyinyi. Kuanzia leo kuli mpya hafunguliwi mgongo. Anapewa mwenzi, mtu wa mkwaruzo sawa na wake ukutani. Wanatwishana, wanatuana. Gunia la mtu ni moja. Atakayebeba mawili, au kumwacha mwenzake anyanyue peke yake, msimu mzima ataitwa…"

"Dada!" mmoja akadakia.

Mama Zaina akageuka na sindano yake ya kushonea magunia. "Dada kafanya nini? Jina hilo litoeni leo leo. Mimi dada nafungasha kuliko wewe unavyobeba."

Behewa akamwangalia nyapara. "Basi ataitwa Mnyambi."

Ghala lililipuka kwa kicheko. Mnyambi naye alijichekesha, lakini msimu ulipoisha aliomba kwenda kwenye ghala jingine Itigi, na hatukumzuia. Na niwaambieni, hilo jina lilifanya kazi kuliko matangazo yote ya mkaguzi. Sikuwahi kumwona mtu anayelitaka.

Wiki zile za kubeba moja moja tulikwenda polepole, na mimi usingizi sikuupata. Lakini watu waliotwishana hawakuchoka mchana, toroli halikusimama, na magunia yaliyolingana yalipangika kwenye behewa bila mianya. Behewa la mwisho la msimu lilifungwa mlango mvua za kwanza zikidondoka, na treni haikutusubiri hata dakika. Mwenye Mali alituma ujumbe wa neno moja: endeleeni.

Tuliendelea miaka ishirini na ushee. Mzee Chitema alistaafu, akafariki, tukamzika kwao kwa heshima, na kwenye maziko yake niliwaona watu waliosimama wima ambao bila yeye wangekuwa wamekunjika kama mimi. Namshukuru kwa kuniita. Zaidi namshukuru kwa kunisukumia lile daftari, maana angeweza kuniandika yeye. Namshukuru Mama Zaina, na namshukuru Shabani, ambaye hadi leo tukikutana ananipigia saluti. Mnyambi na Kalebi nimewataja, na sijawasamehe vizuri. Najaribu. Nyie mtakaosoma, kwenye kazi zenu mtaona kitu kinachomuumiza mtu huku kinawasaidia nyie. Hapo ndipo macho yenu yanapopimwa.

Mgongo ulinilazimisha kustaafu mapema, kabla mvi hazijaenea. Siku ya kuaga, msimamizi wa sasa, Yusufu, aliyeingia msimu ule ule wa utaratibu na kupewa mwenzi badala ya kufunguliwa mgongo, akasema nisimame ukutani kwa mara ya mwisho.

"Anza wewe," nikamwambia.

Akavua viatu, akabana visigino. Utosi wake uligusa mkwaruzo wake wa zamani, sawasawa, kama kifuniko na chungu. Mwenzi wake wa kwanza naye akasimama, ikawa vile vile. Halafu nikasimama mimi chini ya ile P. Wakatazamana. Nilitazama juu baadaye nikaelewa kwa nini. Kati ya utosi wangu na mkwaruzo wa Mnyambi vilipita vidole vinne. Vidole vinne vya urefu wangu vilibaki chini ya ule ubao, na havikurudi.

"Tuache tu, mzee?" Yusufu akauliza taratibu.

"Kwaruza," nikasema. "Vijana waone vyote viwili."

Akachukua msumari. Mchanga wa lipu ukamwagika, ukaniingia machoni kama siku ile ya kwanza. Nikawa nainua mkono kufuta.

"Samahani, mzee wangu, tulia," Yusufu akasema. Akatoa leso yake, akanishika kidevu, akanifuta jicho moja, kisha la pili, mpaka nikaona vizuri.